Nilivyomripoti Mtani Wangu

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Isikizya, maana kule habari hii inasimuliwa na chumvi yake, wapo wanaosema nililia, wapo wanaosema nilizimia, na yupo bwana mmoja mkulima wa tumbaku anayeapa kwamba nilitimua mbio nikajificha kwenye mahindi. Sikukimbia. Nilisimama palepale katikati ya jamvi, kwenye matanga ya baba yangu mkubwa, mbele ya mama yangu mzazi na shehe na wajane wa marehemu, nikatangaza kwa sauti yangu mwenyewe, bila kupigwa wala kushikwa na polisi, uchafu ambao hakuna binadamu aliyekuwa anaujua isipokuwa mimi na simu yangu. Na kilichonisimamisha ni wivu. Nasema wivu, sitafuti jina lingine la kistaarabu.

Mimi natengeneza gemu za kompyuta (mama akiulizwa kazi yangu anasema nafundisha kompyuta, inampunguzia maelezo). Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha kufanyia kazi kule Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini, mimi na Hawa, ambaye tulisoma wote, naye pia anatengeneza gemu, meza yake iko dirishani na yangu iko mlangoni. Hawa ni Mzaramo, baba yake aliletwa huku na kazi ya reli akazeekea huku, na mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa na kukulia, kwa hiyo kabla hatujawa marafiki tulikuwa tayari watani, tangu enzi zile babu zetu wanabeba pembe kwenda pwani na babu zao wanawapokea, wakaona badala ya kushikana mashati kila msafara ukifika, heri watukanane tu yaishe. Mimi aliniita Mpagazi. Jina langu la Maganga sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Asubuhi akiingia tu: "Mpagazi, bado unatafuna michembe ya jana, viazi vyenu vya kukaushwa? Fungua dirisha basi!" Nami namjibu, "Nyamaza wewe, nyie si ndio mliouza shamba mkacheze ngoma, na ngoma yenyewe mkakodi?" Siku asiponitukana nilijua anaumwa.

Sasa gemu yangu mimi inaitwa Safari ya Mpagazi. Unabeba pembe ya ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Basi, ndiyo hiyo. Unatembea, ukifika Tura unakunywa maji, halafu unaendelea kutembea. Mimi niliipenda sana, kila mti wa njiani niliuchora kwa mkono wangu, lakini jamaa mmoja niliyempa aijaribu aliniuliza kwa heshima zote, "Kaka, huyu mtu alikosa nini?"

Ya Hawa ilikuwa ya watu wazima. Inaitwa Kanga za Ndani, na ndani yake kuna mke na mume wenye mvi zao, wameoana zamani mpaka wamesahauliana chumbani, na wewe unayecheza ndiye yule mke, na huruhusiwi kusema unachotaka kwa mdomo, unasema kwa kanga: unafungua sanduku, unachagua kanga yenye maneno ya kufaa, unajifunga, unapita mbele ya mzee anayesikiliza redio. Ukikosea kanga mzee anadhani umemwambia chumvi imekwisha. Ukipatia, anazima redio. Akishazima redio ndipo gemu inapokuwa ya watu wazima kwelikweli, na hapo sisimulii, nyie wenyewe ni wakubwa. Maneno ya zile kanga Hawa aliyatoa kwa shangazi yangu Nyamizi, dada wa baba, ambaye kazi yake ni kuwafunda maharusi (shangazi YANGU mimi, mlisikie hilo vizuri, na mimi hata siku moja hakunipa maneno ya gemu yangu, alisema wapagazi hawakuwa na lolote la maana la kusema).

Wote wawili tuliziweka gemu zetu kwenye tovuti moja ya nje ya kuchangisha, zile ambazo unaeleza kazi yako na watu wa dunia nzima wanakuchangia. Ukifikia lengo unapewa, usipofikia kila mtu anarudishiwa chake. Na simu ya Hawa, kila akichangiwa, ilikuwa inalia ting! Mnajua kelele ya mashine ya kusaga inavyozoeleka mpaka huisikii? Hii haikuzoeleka. Niko nachora mbuyu wangu, ting. Nakunywa chai, ting. Umeme umekatika, tumekaa gizani kama kuku, ting, mwanga wa simu unamulika meno ya Hawa anavyocheka. Yangu ilikuwa kimya. Mimi nilikuwa na wachangiaji wachache mno, mmojawapo ni mjomba, mwingine ni mimi mwenyewe kwa jina la dada yangu (msicheke, ukiona ukurasa wako umenuna unauchekesha), na mmoja alikuwa Mjerumani wa kweli, mtu mzima, anayependa historia, ambaye aliniandikia kwamba miti yangu ni mizuri. Huyo Mjerumani nilimtaja nyumbani mpaka mama akawa anamuulizia hali.

Ndipo ile tovuti ikatangaza masharti mapya. Walisema makampuni ya kadi za benki yamewabana, hayataki pesa zao zipite kwenye mambo ya watu wazima, kwa hiyo kurasa zote za gemu za namna hiyo zitachunguzwa, na yeyote anayeona ukurasa umevuka mpaka abonyeze "Ripoti" upande wa chini. Watengenezaji wa nje walipiga kelele sana mtandaoni, wakasema wao hawajamdhuru mtu, gemu zao zimeandikwa wazi kuwa ni za wakubwa, na anayeamua sasa nani achangiwe ni benki. Hawa aliogopa. Alisoma masharti yale kwa siku nzima, akapunguza hiki, akafunika kile, akaongeza onyo kubwa jekundu mlangoni mwa ukurasa, kisha akanigeukia akasema, "Mpagazi, sasa nimekuwa msafi kuliko wewe, maana mimi naoga."

Nilicheka. Naapa siku hiyo nilicheka kwa moyo.

Kesho yake nikafungua ukurasa wangu nikakuta Mjerumani hayupo. Kaondoa mchango wake. Nikaenda kwa Hawa (kwenye ukurasa wake namaanisha, yeye mwenyewe alikuwa nje ananunua vitumbua) na nani naona pale juu kabisa, jina lake lilelile, na maneno kaandika kwamba amefurahi kugundua Tabora kuna kitu kama hiki? Mjerumani wangu! Mpenda historia! Na kile kitufe kiko hapo chini kinaniangalia, nikasema moyoni kwani nikibonyeza mara moja itakuwaje, wale wana watu wao wa kuchunguza, kama yuko safi si wataona yuko safi? Wakaniuliza sababu, nikachagua "Imevuka mipaka ya maudhui ya watu wazima." Nikabonyeza. Hawa akaingia na vitumbua, akanipa vya kwangu, nikala.

Mchunguzi gani, ndugu zangu! Jioni ileile ukurasa ulikuwa umefungwa. Nadhani ilikuwa mashine tu, binadamu angeisoma angalau kanga moja. Wachangiaji wote wakarudishiwa pesa zao, na Hawa, ambaye alikuwa ameacha kazi ya dukani kwa ajili ya gemu ile na alishamwahidi mchoraji wake kazi ya mwaka mzima, alikaa pale dirishani akaitazama simu kama mtu aliyeshika kifaranga kilichokufa. Halafu akaniambia, "Mpagazi, wewe Kiingereza chako kizuri. Niandikie rufaa."

Nikamwandikia. Ndiyo, mimi. Nilimwandikia rufaa ya kutoa machozi, mkono uleule, na yeye akanipikia ubwabwa kwa shukrani, nao nikaula. Wala msidhani roho ilinisuta sana, kwa sababu wivu wenyewe ulikuwa haujaisha! Nilidhani akifungiwa nitapumua, kumbe habari zilisambaa, watu wa Dar wakaanza kumtetea mtandaoni, redio ikampigia, watu wakawa wanaimba "Mfungulieni Hawa", yaani hata kufungiwa kwake kulipendwa kuliko kufunguliwa kwangu. Mimi ukurasa wangu ulikuwa wazi mchana na usiku na hakuna hata aliyetaka kuuripoti.

Katikati ya hayo, rufaa haijajibiwa, baba mkubwa akafariki. Alikuwa mtu wa reli huyo, alikuwa stesheni ndogo huko njiani miaka mingi, mzee mbahili ambaye alikuwa anapasua njiti moja ya kiberiti apate mbili. Tukamzika kijijini kwetu, upande wa Isikizya, na siku ya matanga watani wakaja kutoka mjini wamejazana kwenye Noah, Wazaramo watupu, na kiongozi wao nani? Hawa. Mnajua watani msibani wana ruhusa zao, wanasema lolote, wanachukua chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika, kazi yake ni kurudisha tusi au kutoa faini ndogo, kuku au sarafu, mambo yaendelee. Hawa alipitiliza mpaka ndani akatoka amevaa koti la reli la marehemu, kofia imemfunika masikio, anatembea kama marehemu hasa, mkono mgongoni, anafunika vyungu vya wapishi anasema, "Nani amewaruhusu kupika nyama yote? Nyingine mfukieni, nitaikuta kiyama!" Wajane walicheka mpaka wakashikana. Shangazi Nyamizi, dada wa maiti, aliyekuwa hajala tangu mazishi, alicheka akaomba uji.

Na mimi nimekaa pale sijalala, nimechimba kaburi, mikono ina malengelenge, nilimpenda yule mzee, na hakuna aliyenipa hata pole ya maana, macho yote yako kwa Hawa. Nikasema huyu mwanamke amechukua shangazi, amechukua Mjerumani, sasa amekuja kuchukua na msiba.

Hapo ndipo Hawa akaanza kukusanya faini. Akasimama katikati ya jamvi na lile koti, akanyoosha kidole. "Waombolezaji! Mimi nina kesi. Mimi Mzaramo wa watu nilikuwa na duka langu mtandaoni, limefungwa. Nani ana roho mbaya namna hiyo kama si Mnyamwezi?" Watu wakacheka. Kidole kikazunguka, kikapita kwa shehe (shehe akajifanya anatafuta kiatu), kikaja kusimama kwangu. "Ni huyu! Muoneni anavyokaa! Huyu ndiye aliyeniripoti! Toa kuku, Mpagazi!"

Ulikuwa utani. Mtoto wa kunyonya angejua kwamba ni utani, na jibu lake kila mtu pale alikuwa nalo mdomoni: unasema ndiyo ni mimi, na kesho nakuripoti na wewe mwenyewe ufungwe kamba, chukua kuku wako uondoke. Dakika moja, yamekwisha. Mimi nikasimama nikasema, "Nilibonyeza mara moja tu!"

Jamvi zima likaangua kicheko. Walidhani najibu utani, na Hawa naye akacheka akapiga makofi, akasema, "Haya, amekiri, kuku wawili!" Hapo bado ningeokoka. Ningekaa chini tu, ningekuwa mchekeshaji wa msiba. Lakini mdomo ulishafunguka, na mkishakuwa na kitu kimewakaa kooni muda mrefu mtanielewa, nikaendelea: "Kitufe kiko pale chini kwa kila mtu, wamekiweka wao! Nilichagua ile ya kuvuka mipaka, sikusema uongo mwingine wowote! Ulikuwa umeenda kununua vitumbua! Kwani mimi yangu nani anaigusa? Kutwa nzima ting, ting, ting, mtu nachora miti, ting! Mpaka Mjerumani wangu!"

Nikaiga ile ting. Kwenye matanga. Kwa sauti nyembamba, na kichwa natikisa.

Kicheko kilikufa kwa zamu, upande wa wanaume kwanza, kisha jikoni, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mama yangu, ambaye kwa kunipenda kwake alikuwa bado anatumaini ni mzaha. "Maganga," akaniita, "umebonyeza nini, mwanangu?" Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, ikabidi ielezwe, na anayejua kueleza ni mimi, kwa hiyo nilisimama pale mbele ya shehe nikaanza kufafanua gemu ya watu wazima ni kitu gani, na kanga, na redio inazimwa kwa nini, nikizidi kufafanua nazidi kuzama, mpaka shangazi Nyamizi akanikata kwa sauti kavu kutoka jikoni: "Yale ni maneno yangu mimi. Kwa hiyo umeniripoti na mimi?"

Nilitaka kumjibu shangazi lakini nilikuwa namtazama Hawa. Alikuwa anavua lile koti. Alilikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaweka kofia juu yake, akampelekea mjane mkubwa akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia poleni sana. Kisha akaja kwangu, na watu wakapisha.

"Mimi nilikuwa nakutania, Maganga," akasema taratibu. "Wewe ndiye uliyenijibu kweli."

Akapanda bodaboda akaondoka, na wale watani wenziwe wakaingia kwenye Noah mmoja mmoja, hawakula, na mzee mmoja wao aliniambia tangu azaliwe hajaona msiba ambao watani wameondoka kabla ya kufukuzwa. Kuku wa faini alibaki amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Hakuna aliyekuja kumdai.

Nilihangaika, msidhani sikuhangaika. Niliwaandikia wenye tovuti kwamba nafuta ripoti yangu, wakajibu kwa adabu kwamba ripoti haifutwi, na juma lililofuata wakamjibu Hawa kwamba gemu kama ile haina nafasi tena kwao, watengenezaji wengi wa namna yake wameambiwa hivyohivyo, asante kwa uelewa. Kwa hiyo hata nisingebonyeza huenda wangemfikia tu (nimejiambia hivyo mara nyingi, haisaidii, kwa sababu siku ile aliyebonyeza si benki). Wazee wetu walinichukua tukaenda kwao na asali na mbuzi kuomba radhi. Baba yake alitupokea, Hawa alitoka, akapokea asali, akasema amesamehe na hana kinyongo. Alisema kwa Kiswahili kizuri sana, na mimi nilirudi nyumbani nimepata nafuu, mjinga mimi, sikujua nimesikia nini.

Alihamisha meza yake kabla mwezi haujaisha. Chumba kikawa changu chote, dirisha langu, kimya changu. Gemu yake anaendelea nayo, naambiwa anaiuza kipandekipande kwa watu wanaomjua, polepole, na amerudi dukani. Ya kwangu haikufikia lengo, mjomba akarudishiwa pesa yake, na mimi nikajirudishia yangu.

Nilimkuta wiki mbili zilizopita stesheni, anasafiri kwenda Dar, amekaa kwenye benchi na mabegi yake. Nikasema hapahapa. Nikajipanga, nikamwendea kwa kishindo kama zamani: "We Mzaramo! Nani amekuambia treni inapandisha watu wasiooga? Nenda kapande mkokoteni!" Watu wa benchi la pili waligeuka wakatabasamu, wakijua kinachofuata.

Hawa akasimama. Akanipa mkono. "Hujambo, ndugu Maganga. Nyumbani hawajambo? Mama anaendeleaje?"

Nikasema hajambo, anakusalimu. Akasema nimfikishie na zake. Akaniuliza kazi zinaendaje, nikasema nzuri, akasema ashukuriwe Mungu, akanitakia siku njema, akakaa, akafunga mtandio wake. Mama mmoja pembeni alimsifia kwa mwenzake kwamba mabinti wenye adabu kama huyu wamebaki wachache.

Nimeapa kwamba kile kitufe sitakigusa tena, hata nikimwona ibilisi mwenyewe anachangisha. Hicho ni kiapo chepesi, kila mtu anaweza. Tatizo ni kwamba tangu siku ile Tabora nzima nina watu wa kunisalimu, kunitukana hakuna.